Gari Nami Tuko Edani

Jumapili, 2 Machi 1952

Naandika kwa sababu sina wa kugombana naye. Mwanamke wa eda hatoki, hajipambi, hajitii manukato, haonani na wanaume wasio maharimu wake, na hapandishi sauti. Mengine yote nitayaweza. La sauti ndilo litakalonishinda, kwa hiyo nimejitafutia kalamu.

Mume wangu Mselem alikufa mwisho wa mwezi uliopita, kwa kichomi kilichomchukua haraka. Nimemlia na bado namlia, lakini hilo ni langu na mto wangu. Nitaandika habari za gari. Lipo nje, chini ya dirisha la chumba changu, hapa Ngamiani, Tanga mjini: pikapu ya kijani, bodi ya mbao nyuma, kioo kimoja kina ufa. Watu huliita gari la Mselem. Si la Mselem. Nililinunua mimi, kwa sehemu yangu ya minazi aliyoacha baba kule Kigombe. Mselem aliendesha, na Rafaeli, Mbondei wa upande wa Muheza, alikuwa utingo wetu mpaka na yeye akapata leseni. Tulikuwa tunaleta mjini nazi na ng'onda, samaki wa kukaushwa, tukila na kuvaa.

Leo amekuja shemeji yangu Idarusi, ndugu wa marehemu. Amekaa ukumbini, mimi nyuma ya pazia.

"Shemeji," akasema, "gari halina mwanamume sasa. Litaoza hapo. Niuzie mimi kabla halijawa chuma chakavu."

"Aliyekufa ni ndugu yako, shemeji. Gari halijafa."

Akacheka kidogo, cheko la mtu anayeweza kungoja. Eda ni miezi minne na siku kumi, na yeye anajua kuhesabu. Mimi pia najua. Nikitoka nitalikuta gari langu zima, na nitalipanda.

Alhamisi, 6 Machi

Joto. Hapana jipya.

Ijumaa, 14 Machi

Wameiba betri. Na mimi niliwasaidia.

Ilikuwa saa ya sala ya Ijumaa, mtaa mtupu, wanaume wote msikitini. Nilikuwa nimejilaza. Nikasikia boneti inafunguliwa, kisha spana inagonga chuma, polepole, spana ya mtu anayejua kazi yake. Sikushtuka hata kidogo. Nikajiambia: Rafaeli ni Mkristo, hasali Ijumaa, nani mwingine atakuwa nje saa hii? Nikasema pale dirishani bila kulifungua, "Rafaeli, ukimaliza funga boneti vizuri, mvua i karibu."

Sauti ikajibu, "Haya, mama."

Na akaifunga kweli! Mwizi mwenye adabu.

Rafaeli alikuja alasiri akitoka Mabawa, anakopanga. Akabisha dirishani akauliza, "Bi Semeni, betri umempa nani?" Nilipomweleza nikasikia anajizuia kucheka. Nilitamani kumpiga kiatu. Kisha nikacheka mwenyewe, mara ya kwanza tangu msiba, na mavyaa akaja mbio akidhani nalia.

Mavyaa wangu, Bi Asmahani, ni mama yake Mselem. Anakaa nami humu. Ndiye anayetoka badala yangu, anayepokea na kupeleka maneno, anayenitazama nisivunje eda. Mtu wa maneno machache na macho mengi.

Rafaeli amenieleza kuwa betri haiibwi ili iwe betri. Ndani mna risasi. Wavuvi huiyeyusha wakapata chubwi za kuzamisha nyavu. Rejeta ya kupozea injini ni shaba, dinamo imejaa nyaya za shaba, na shaba imepanda bei siku hizi, wako watu wanainunua bila kuuliza imetoka wapi. Gari zima hawana haja nalo. Wanataka matumbo yake.

"Basi watarudi," nikasema.

"Watarudi, Bi Semeni. Sasa wanajua kuwa ukiwasikia unawaaga."

Jumapili, 16 Machi

Nimeamuru gari lipasuliwe. Rafaeli amefungua rejeta, dinamo, kabureta na taa. Mavyaa amevipokea mlangoni kimoja kimoja na kuniletea. Dinamo, kabureta na taa ziko chini ya kitanda changu. Rejeta tumeiegemeza uani, nyuma ya mitungi ya maji. Kanga mbili zimekwisha kwa mafuta. Mikono yangu inanuka, na nikifikicha macho naona weusi.

Mavyaa akasema, "Mwanangu, hii ni eda au gereji?"

Nikamwambia eda imekataza marashi, haikukataza grisi. Akaondoka akitikisa kichwa, lakini nilimwona mdomo ukicheza.

Jumanne, 25 Machi

Mvua ya kwanza. Nimesikiliza ikigonga bodi ya gari siku nzima.

Jumatano, 9 Aprili

Jirani yetu Sabiha, ambaye habari zote za Tanga hulala kwake, ameniletea uji na yafuatayo. Gari la muuza mkaa limeibiwa rejeta. Gari la mikate limeibiwa betri mchana kweupe, mwenyewe yumo dukani anapeleka mikate. Na wanawake kisimani wanasema mjane wa Mselem amepata wazimu, analala na vyuma.

"Waambie kitanda kina nafasi," nikasema.

"Niwaambie?"

"Waambie leo."

Atawaambia. Tayari ameshawaambia.

Jumamosi, 12 Aprili

Usiku waligusa magurudumu. Asubuhi Rafaeli amekuta nati mbili zimelegezwa. Basi leo gari limepandishwa juu ya mawe, na magurudumu yote manne yameviringishwa ndani. Mimi nimejifungia chumbani wakati Rafaeli anapita, nikisikia mpira unavyozunguka ukumbini na mavyaa anavyopiga kelele, "Polepole, ukuta huo!" Watoto wa mtaa mzima walisimama mlangoni kutazama.

Sasa wageni wanaokuja kunipa pole hukaa juu ya tairi. Nimegundua hawakai sana. Hilo nalo ni faida.

Idarusi hakuipenda habari hii. Amekuja barazani kusema kwa sauti ya kusikika na wapita njia kwamba ndugu yake ameacha jina zuri na sasa nyumba yake inachekwa. Nikamwambia mavyaa apeleke jibu: nyumba ni ya kukodi, na kodi nalipa mimi.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Barabara imekuwa tope. Rafaeli amefunika injini kwa turubai, akaifunga kamba.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 5 Mei

Rafaeli ananifundisha. Yeye barazani, mimi nyuma ya dirisha, kabureta iko mapajani mwangu. Ananiambia gusa hiki, pulizia hapa, hiki kikiziba gari linakohoa. Sikujua kuwa ninaweza kupenda kitu cha chuma. Mselem hakunifundisha hata siku moja. Sikumwomba pia, na sasa sioni kwa nini sikuomba.

Jumapili, 18 Mei

Leo Idarusi ameleta mnunuzi, mtu asiye na haya kama yeye. Wamekaa ukumbini kwenye magurudumu yangu na kujadiliana bei ya magurudumu yangu, mimi nipo nyuma ya pazia nawasikia. Nikakohoa. Nikasema, "Karibuni kahawa. Gari haliuzwi."

Mnunuzi akaondoka. Idarusi akabaki, na safari hii hakucheka.

"Shemeji, hebu tuongee kwa akili. Eda ikiisha hapa utabaki na nani? Utarudi kwenu Kigombe, ndiyo kawaida. Utapakia vyombo vyako na safari njema. Gari la nini?"

"La kupakia hivyo vyombo," nikamjibu, ili nimkere tu.

Mavyaa alikuwa anachambua mchele. Akaacha. Nilidhani ameudhika na mwanawe, kwa hiyo sikuuliza. Mgongo wake ulikuwa umenielekea.

Jumatatu, 26 Mei

Mwezi umeonekana jana, tumefunga. Nimelala mchana kutwa. Mavyaa alikuwa ameshika sindano anashona. Swaumu ya kwanza nzito.

Jumatano, 28 Mei

Rejeta haipo.

Nilikwenda kuteka maji ya udhu, nikatazama nyuma ya mitungi, ambako sikutazama tangu wiki iliyopita, nikaona ukuta. Nimepekua nyumba nzima. Chini ya vitanda, jikoni, chooni. Sabiha aliposikia akaweka mkono kifuani. "Nani anaingia humu? Mie, mavyaa wako, na huyo Mbondei. Jumapili hakuingia kutazama magurudumu?"

Aliingia. Ukumbini, mlango wa uani wazi, mimi nimejifungia chumbani.

Sikungoja kesho. Alipokuja jioni nikamuuliza dirishani, "Rafaeli, rejeta yangu iko wapi?"

"Ulinipa niiweke, Bi Semeni?"

"Nakuuliza iko wapi."

Akasema, "Miaka yote nimepakia nazi zako, hata dafu moja sikunywa bila kuomba. Wewe leo unaniuliza hivyo." Nikasikia ufunguo wa gari unawekwa juu ya sakafu ya baraza. Hakuutupa. Aliuweka.

Sabiha anasema mtu asiye na kosa hafanyi hasira. Mimi nina kosa gani, na hasira ninazo tele? Lakini sikumwita arudi.

Jumapili, 1 Juni

Rafaeli ameonekana stesheni akipanda treni ya Muheza. Mtaa mzima umeamua ni yeye. Idarusi amenitumia salamu kupitia kwa mama yake: yuko tayari kununua hata bila rejeta, kwa bei ya kunisaidia. Nimemrudishia salamu zake.

Mavyaa analalamika mgongo. Nimemkanda kwa mafuta ya nazi.

Jumamosi, 7 Juni

Imenitosha. Nimetuma kwa Shekhe Mwinyijuma, na Shekhe amekubali. Tarehe kumi na saba ya Ramadhani, siku ya watu wa Badri wenyewe, itasomwa Halbadiri hapa nyumbani kwangu juu ya kila aliyegusa gari langu. Mpiga mbiu amepita leo mitaa yote mpaka Mabawa, na kesho atatuma mtu Kigombe. Ametangaza hivi: aliye na kitu cha gari la Bi Semeni akirudishe kabla ya siku hiyo. Asiyerudisha, tumbo likimvimba asitafute daktari.

Hilo la tumbo aliongeza mwenyewe. Sikumkataza.

Jumanne, 10 Juni

Alfajiri, baada ya daku, mavyaa amefungua mlango wa mbele akaita, "Mwanangu, njoo utazame. Usitoke, chungulia tu!"

Baraza imejaa. Rejeta mbili, si zangu. Betri, si yangu, ni ya gari la mikate. Honi. Pampu ya baiskeli. Taa ya trekta, sijui imetoka shamba gani la mkonge. Sufuria ya Sabiha iliyopotea mwaka juzi. Jogoo amefungwa miguu. Na juu ya kizingiti, kitita cha chubwi za risasi, mpya, zimetungwa kwenye uzi. Mvuvi mmoja wa Kigombe amerudisha betri yangu kwa umbo ililonalo sasa.

Nilicheka mpaka nikaogopa swaumu yangu.

Kabla ya adhuhuri wamekuja askari wawili. Mkubwa wao akasema kutoka mlangoni, "Mama, tumeambiwa nyumba hii ina mali nyingi ya wizi."

"Ndiyo," nikasema nyuma ya pazia. "Mmeitafuta tangu Machi, mimi nimeipata bila kutoka ndani. Mnataka kunikamata au mnataka kujifunza?"

Yule mdogo alicheka, mkubwa akamtazama vibaya. Wamewaita wenyewe, kila mtu akachukua chake. Mwenye mkate ameniletea mikate na betri kuukuu ya kuazima mpaka nipate yangu. Jogoo hana mwenyewe, yupo uani.

Ila rejeta yangu haikurudi. Sabiha akasema, "Umeona? Wezi wote wa Kiislamu wamerudisha. Yule kisomo chetu hakimtishi." Wote waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa. Nami nikaitikia.

Jumatano, 11 Juni

Halbadiri imesomwa baada ya alasiri. Wanaume ukumbini na Shekhe, sisi wanawake uani. Kabla hajaanza, Shekhe Mwinyijuma aliuliza kwa sauti kama kuna mwenye neno, kwa kuwa kisomo kikishatoka hakirudishwi. Hakuna aliyesema. Aliyeitikia amina kwa nguvu kuliko wote alikuwa mavyaa.

Jumapili, 15 Juni

Mgongo wa mavyaa umezidi. Anainuka kwa kushika ukuta. Sabiha amenong'ona jambo kuhusu Halbadiri, nikamfukuza hadi mlangoni.

Jumamosi, 21 Juni

Ni vigumu kuandika haya.

Sikukuu imekaribia, tumeanza kusafisha. Magodoro hutolewa uani yapigwe jua. Langu nimelitoa mwenyewe. La mavyaa ni la sufi, jepesi, nikaliinua kwa mkono mmoja na mkono ukakataa. Nikajaribu kwa miwili. Katikati kuna kitu kigumu. Mshono wa upande mmoja ni mpya, uzi mweusi.

Nikachukua kisu nikafumua. Sufi ikamwagika, na ndani yake ikatoka rejeta yangu.

Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni. Hakukimbia, hakulia. Nikamwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mavyaa, sitayaandika. Nikamuuliza, na Halbadiri je? Uliitikiaje amina?

"Halbadiri inamshika mwizi," akasema. "Mie nimeiba nini? Kitu hakikutoka nyumbani mwako."

"Na huo mgongo?"

"Mgongo huu si Halbadiri. Ni rejeta yako. Nimeilalia mwezi mzima, mwanangu, ina meno."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumrukia. Nikamuuliza kwa nini. Akakaa chini kwenye sufi iliyomwagika.

"Ulimwambia Idarusi utapakia vyombo vyako. Nilisikia. Mselem amekwenda, wewe unakwenda, mie nitapelekwa kwa Idarusi, niwe namwamkia mkewe kila asubuhi kama mgeni. Nikasema, gari lisipowaka, Semeni hataondoka. Sikuwaza jingine."

"Na Rafaeli? Ulimwona anaitwa mwizi, ukanyamaza?"

Hapo ndipo aliinamisha kichwa.

Mimi naye ndio tumemfukuza. Yeye kwa kunyamaza, mimi kwa kuuliza. Sabiha alichochea tu, kuni zilikuwa zangu. Hata mwizi wa Ijumaa ile nilimsemesha vizuri kuliko nilivyomsemesha Rafaeli.

Nimemwambia, "Mama, mimi siwezi kutoka. Wewe uliyemnyamazia ndiye utakayemleta. Kesho kuna treni."

Jumapili, 22 Juni

Amekwenda. Na swaumu yake, na mgongo wake, na buibui lake la sikukuu.

Jumatatu, 23 Juni

Amerudi, na Rafaeli amekuja naye. Nilisikia hatua zake barazani nikafika dirishani kabla hajabisha. Nikamwambia nimekosa, na sikusema neno la kujitetea.

"Bi mkubwa ameniambia yote," akasema. "Alinifuata mpaka shambani, nalima. Mama mtu mzima vile, matopeni." Kisha akaendelea, "Gari nitalifunga upya. Lakini mtaa huu uliniita mwizi barabarani, Bi Semeni. Nataka barabarani ndiko jina langu lirudi. Si hapa dirishani."

Ni haki yake. Nimekubali. Sijui nitalisafishaje jina lake bila kumvua nguo mama wa mume wangu mbele ya watu.

Jumanne, 24 Juni

Idi. Tumemla jogoo, baada ya Shekhe kusema mwenyewe hajulikani na wajane wana haki. Rafaeli naye amepelekewa pilau.

Jumapili, 29 Juni

Magurudumu yametoka. Ukumbi umekuwa mkubwa, wageni wanakaa sana.

Jumamosi, 5 Julai. Kigombe

Naandika nimekaa juu ya gunia, nazi zinapakiwa.

Jana eda imekwisha. Nimeoshwa, nimefukizwa udi, nimevaa. Leo asubuhi nimetoka mlango wa mbele na buibui langu, jua likaniumiza macho. Mtaa wote ulikuwa nje. Kwenye baraza ya jirani wamejaa wanaume, Idarusi katikati yao, wamekuja kuona kama litawaka. Rafaeli alikuwa kwenye usukani. Mavyaa alikwishapanda, amekaa katikati, bakora mapajani.

Nikasimama kando ya mlango wa gari. Nikasema kwa sauti ya kufika mwisho wa barabara, "Nyote mlimwita Rafaeli mwizi, na mimi wa kwanza. Si mwizi. Rejeta haikuibwa. Aliyemwita mwizi, leo na amwite bwana Rafaeli."

Idarusi akapaza sauti, "Haikuibwa, ilikuwa wapi? Asipokuwa yeye ni nani? Mtaje, shemeji, tumjue!"

Nilikuwa nimeandaa uongo. Ningesema niliiweka mwenyewe nikasahau, wacheke, yaishe. Nilifungua mdomo, na sauti ikatoka ndani ya gari kabla ya yangu.

"Ni mie. Mamako. Niliishona kwenye godoro langu, nikailalia Ramadhani nzima, kwa sababu sitaki kwenda kukaa kwako. Kuna mwenye neno?"

Idarusi alitazama miguu yake. Mzee mmoja akasema, "Shikamoo, Bi Asmahani," na mavyaa akaitika, "Marahaba," na kichwa juu.

Nikapanda. Rafaeli akajaribu swichi, injini ikaguna ikanyamaza. Akanong'ona kuwa betri ya kuazima imechoka, haliwaki bila kusukumwa. Basi nikatoa kichwa dirishani nikawatazama wale wa barazani, mmoja mmoja, waliokuwa wakiniita mwenda wazimu tangu Machi.

"Mlikuja kuona litaondokaje," nikasema. "Litaondoka kwa mikono yenu. Sukumeni."

Walitazamana. Mwenye mkate alitangulia, akafuata yule mzee, halafu wote wakateremka. Idarusi alibaki peke yake barazani mpaka mama yake alipogeuza shingo kumtazama. Akapandisha kanzu, akaja, akaweka mikono kwenye bodi. Lilisogea, likashika kasi, Rafaeli akaachia klachi, likaruka, likakohoa, likawaka. Moshi wote uliwapata wao.

Nyuma yetu Idarusi akapiga kelele, "Shemeji! Hata ahsante hakuna?"

"Jioni!" nikamjibu. "Tukirudi!"

Mavyaa aligeuka akanitazama.

"Umesema tukirudi?"

"Nimesema, mama."

Akavuta buibui lake vizuri, akamgonga Rafaeli gotini kwa bakora, akamwambia aongeze mwendo.